Kumiliki Fiat 500 Malindi: uzuri uko juu, kazi iko chini

Malindi imekaliwa na Waitaliano miaka mingi, kwa hivyo si ajabu kukutana na Fiat 500 kwenye Barabara ya Lamu au njia ya Casuarina. Anayeitaka huwa amevutwa na umbo: taa za duara, paa la mviringo, dashibodi yenye rangi ile ile ya bodi. Umbo hilo limetokana na Nuova 500 aliyoibuni Dante Giacosa, ikazinduliwa Turin tarehe 4 Julai 1957. Hii tunayoizungumzia ilizinduliwa mji huo huo, tarehe hiyo hiyo, mwaka 2007. Zaidi ya sura, hakuna kilichorithiwa. Ile ya zamani ilikuwa na injini ya cc 479 nyuma, silinda 2, ikipozwa kwa upepo. Hii ina injini mbele, redieta, kompyuta na usukani wa umeme. Fundi aliyezoea magari ya kale hatakusaidia sana, na fundi wa Toyota atakusaidia nusu ya njia.

Hapa pwani gari hili haliuawi na umri. Linauawa na chumvi na matuta, na vyote viwili huanzia chini, pale ambapo mnunuzi haangalii kwa sababu macho yamebaki juu. Tutaanza huko.

Kuchagua

Kenya inakubali gari la kuagizwa lenye usukani wa kulia na lisilozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na ni lazima likaguliwe kwa viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla ya kupakiwa melini. Ushuru nao hukokotolewa kwa bei iliyo kwenye orodha ya mamlaka ya mapato, KRA, inayoitwa CRSP, wala si kwa bei uliyolipa wewe. Tafuta modeli yako kwenye orodha hiyo kabla ya kutuma pesa.

Kwa vitendo una njia tatu: Japani, Uingereza, au gari lililokwisha kusajiliwa hapa. Gari la Japani mara nyingi huwa safi chini, ila nyingi zina gia za Dualogic, ambazo tutazieleza hapo mbele. Gari la Uingereza mara nyingi lina gia za mkono, na hilo ni jambo jema, lakini barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hivyo laweza kufika Mombasa likiwa limeanza kuoza tayari. Ukipata ya gia za mkono ambayo chini yake ni kavu na safi, chukua hiyo, hata kama rangi yake si ile uliyoiota.

Kwenye karatasi za mnada wa Japani angalia namba ya modeli. 31212 ni injini ya lita 1.2, silinda 4, farasi 69. 31209 ni TwinAir: silinda 2, cc 875, yenye turbo, farasi 85. TwinAir ina nguvu zaidi na mlio wake unapendeza, lakini vali zake za kuingiza hewa zinaendeshwa kwa shinikizo la oili, kwa hivyo oili isiyofaa au iliyochelewa kubadilishwa huiharibu upesi. Kwa Malindi, ambako fundi anayeijua injini hiyo utamtafuta mbali, tunashauri 1.2. Ni injini ya Fiat iitwayo FIRE, iliyotumika pia kwenye Panda, Punto na Ford Ka ya kizazi cha pili, na spea zake ni rahisi zaidi kupata.

Ya paa la turubai, 500C, iache kama huna gereji yenye kivuli. Jua la hapa hulikausha turubai, na mifereji ya kutolea maji ikiziba mchanga, mvua ya masika huishia ndani.

Kulikagua kabla ya kulipa

Nenda na tochi, boksi la kulalia, na bisibisi kubwa. Lala chini ya gari, usiridhike na kuchungulia.

Angalia sampu kwanza, yaani trei ya oili iliyo chini ya injini. Kwenye 1.2 sampu ni ya bati la chuma, na ndiyo inayooza mapema kuliko kitu kingine chochote kwenye injini hii. Kutu ya juu juu si neno. Lakini ukiona magamba yanayobanduka, au unyevu wa oili penye kutu, hesabu sampu mpya katika bei. Kisha nenda nyuma uangalie ekseli, lile boriti linalounganisha magurudumu mawili ya nyuma. Gonga kwa mpini wa bisibisi, hasa karibu na vikalio vya springi. Sauti kavu ni nzuri. Sauti ya kufifia, au chuma kinachobonyea, maana yake ekseli inakwisha, na ekseli si kitu cha kuchomelewa kiraka.

Kama ni Dualogic, zima injini, toka nje, funga mlango. Ngoja dakika chache, kisha fungua mlango wa dereva taratibu ukisikiliza. Utasikia pampu ndogo ikivuma. Hiyo ni kawaida: inajenga shinikizo la kuendeshea klachi na gia. Inatakiwa inyamaze baada ya sekunde chache. Ikivuma muda mrefu, au ikirudia rudia wakati gari limesimama tu, kitungi cha kuhifadhi shinikizo kimechoka au mafuta yake yanavuja. Kitungi hubadilishwa peke yake. Kikiachwa, pampu hufanya kazi kupita kiasi mpaka nayo inaungua.

Washa injini na AC, uache gari limesimama dakika 10. Feni ya redieta lazima izunguke kwa mwendo wa chini mara AC inapofanya kazi. Kama haizunguki, halafu baadaye inaanza ghafla kwa kasi na kelele, rezista ya feni imeungua. Ni ugonjwa unaojulikana kwenye 500 na Panda. Spea yenyewe ni ndogo, lakini kwenye foleni ya Mtwapa saa nane mchana utaikumbuka.

Malizia na buti: bonyeza kifungo cha kufungua mara kadhaa, washa taa za namba, washa waipa ya nyuma. Kimoja kikikataa, soma sehemu ya nyaya hapo chini.

Dualogic si otomatiki

Hapa ndipo klachi nyingi huunguzwa. Dualogic ni giaboksi ya kawaida ya mkono yenye klachi kavu, ila kazi ya mguu na mkono wako hufanywa na mtambo wa umeme na mafuta. Haina P. Haina ule uji wa mafuta unaoruhusu gari lisimame kwenye mlima huku mguu uko kwenye moto, yaani pedali ya kuongeza mwendo.

Kuegesha: simama, kanyaga breki, weka gia ya kwanza au R, ndipo uzime. Gari litabaki limeshikwa na gia.

Kwenye mteremko wa kutokea ferini Likoni, au popote unapopanda na foleni imesimama, shikilia gari kwa breki. Usilishikilie kwa kuchezea moto. Njia ikifunguka, vuta hendibreki, kanyaga moto kwa uthabiti, gari likianza kuvuta achia hendibreki. Kuachia moto nusu nusu ndiko kunakosaga klachi.

Ukiona mtikisiko mkubwa wakati wa kubadilisha gia, inua mguu kidogo kwenye moto pale gia inapopanda, kama vile ungefanya kwa gari la mkono. Ukisimama zaidi ya nusu dakika, weka N. Na usikubali mtu aongeze ATF, mafuta ya giaboksi za otomatiki, kwenye kitungi cha mafuta cha mtambo huo. Mafuta yake ni Tutela CS Speed. Klachi mpya ikifungwa, fundi lazima aifundishe kompyuta kwa mashine. Bila hivyo gari litaruka ruka au litakataa kuingia gia, nawe utaambiwa klachi uliyonunua ni feki.

Matuta, mchanga na matairi

Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 2.3 tu. Ndiyo maana gari hili ni raha kuligeuza penye tuktuk zilizojazana karibu na soko, na ndiyo maana linadunda kwenye matuta. Kosa la kawaida ni kuvuka tuta huku breki imekanyagwa. Breki huinamisha pua, bampa inashuka sentimita kadhaa, na mdomo wake wa chini unakwangua. Punguza mwendo mapema, kisha achia breki kabla tairi za mbele hazijagusa tuta, pua iinuke yenyewe. Panda polepole, shuka polepole zaidi, kwa sababu sampu ndiyo inayopita juu ya kilele wakati tairi za mbele zimeshashuka.

Saizi ya tairi ya kutafuta ni 175/65 R14. Matoleo yenye rimu za inchi 15 na 16 huonekana vizuri, lakini ubavu wa tairi ni mfupi na mashimo ya barabara za mitaani, kama za Maweni na Muyeye, hupinda rimu. Tairi za 175/65 R14 zapatikana kwa urahisi kwa kuwa Honda Fit nyingi huzivaa. Rimu ni habari nyingine: Fiat hutumia bolti 4 zenye mduara wa mm 98, wakati magari madogo ya Japani hutumia mm 100. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba muuzaji atakuonyesha rimu "inaingia". Inaingia, lakini bolti zinakaa mshazari, zinalegea, na siku moja gurudumu linatoka. Usikubali. Kumbuka pia kwamba Fiat haina vijiti na nati, ina bolti zinazofungwa kutoka nje, kwa hivyo weka bolti 2 za akiba kwenye gari.

Upepo: fuata kipimo kilicho kwenye kitabu cha gari, ukipimwa asubuhi tairi zikiwa baridi. Magari mengi haya yalitoka kiwandani na chupa ya gundi badala ya tairi ya akiba. Gundi haizibi tairi iliyochanwa na jiwe la tumbawe, na jiwe ndilo linalochana tairi huku. Tafuta tairi ya akiba, jeki na spana ya saizi sahihi kabla hujaenda Garsen.

Mchangani usiingie kwa hiari. Ukikwama, acha kukanyaga moto mara tairi zinapozunguka bure. Fukua mbele ya tairi za mbele, punguza upepo mpaka paundi 18, weka mkeka au makuti makavu chini ya tairi, toka kwa gia ya kwanza au R bila kuongeza moto ghafla. Jaza upepo tena kabla ya kurudi kwenye lami. Na kwa wenye ndoto ya kufika nalo Lamu: barabara inaishia Mokowe. Kisiwani ni mguu, punda na boti, gari litakusubiri bara.

Chumvi

Hii ndiyo kazi kubwa, na ifanywe mwanzo, wiki ile gari linapofika, kabla ya kununua redio au viti vya ngozi. Hewa ya Malindi ina chumvi mwaka mzima, na huwa mbaya zaidi kusi inapovuma kutoka baharini. Ukipita Gongoni, malori ya chumvi yanakudondoshea nyingine barabarani.

Mahitaji: brashi ya waya, msasa wa namba 80 na 120, dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki, praima ya epoksi, rangi nyeusi ya chesesi, na nta ya chini ya gari yenye mpira wa kupuliza ndani ya uwazi. Lita 2 za nta zinatosha gari hili.

Chagua kipindi cha ukame, Januari au Februari. Inua gari, lisimamishe kwenye stendi 4, usiliamini jeki. Osha chini yote kwa maji ya mfereji na sabuni. Maji yana maana kubwa hapa: visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na kuosha gari kwa maji hayo ni kulipaka ugonjwa ule ule. Maji ya mfereji ya Malindi hutoka Baricho kwenye mto Sabaki, ni maji baridi, yasiyo na chumvi. Kwenye sehemu ya kuoshea magari, uliza wanatumia yapi.

Acha likauke siku nzima. Piga brashi sampu, ekseli ya nyuma, vikalio vya springi, mikono ya mbele na mishono ya bati mpaka chuma king'ae au kutu iliyobaki iwe nyembamba na ngumu. Paka dawa ya kutu, ngoja igeuke nyeusi, kwa kawaida saa chache. Praima tabaka 2, kisha rangi. Nta ije mwisho kabisa, siku inayofuata, ndani ya boriti za pembeni, nyuma ya milango kwa chini, na juu ya ekseli. Usipake kwenye disiki za breki, ekzosi, wala mipira. Na usizibe vitundu vya kutolea maji chini ya milango na boriti. Pitisha waya mwembamba kwenye kila kimoja baada ya kazi.

Kuna njia mbili zinazopendwa pwani ambazo tunazipinga. Ya kwanza ni kupuliza oili chafu. Inazuia kutu kidogo, lakini hulainisha bushi na kuvimbisha mipira ya breki, na mchanga hunata kwake. Ya pili ni kupaka lami nene juu ya kutu. Lami hupasuka, maji ya chumvi huingia ndani na kukaa, na chuma huoza kwa siri huku juu kunaonekana kupya.

Baada ya hapo, suuza chini kila wiki mbili, na siku hiyo hiyo kama umekanyaga maji ya bahari. Gari likikaa zaidi ya siku chache karibu na ufuo, usiache hendibreki imevutwa: viatu vya breki za nyuma hushikana na drumu. Acha gia ifanye kazi, weka jiwe nyuma ya tairi.

Nyaya za buti

Fungua buti uangalie juu, penye bawaba. Utaona bomba la mpira lenye mikunjo linalopitisha nyaya kutoka bodi kwenda mlangoni. Kila buti linapofunguliwa nyaya zinakunjwa mahali pale pale, na baada ya miaka shaba inakatika ndani ya plastiki. Dalili: buti halifunguki, taa za namba hazifanyi kazi, waipa imekufa, fyuzi inaungua bila sababu. Mafundi wengi hubadilisha kitasa kwanza. Si kitasa.

Toa terminali hasi ya betri. Chomoa mpira pande zote mbili, urudishe nyuma taratibu, uvute kila waya kidogo kidogo. Uliokatika utanyooka mkononi. Usiunganishe ncha kwa ncha, kwa sababu waya utakuwa mfupi na utakatika tena. Kata sehemu yote iliyochoka, weka kipande kipya cha waya laini wenye ganda la silikoni, chenye urefu wa sentimita 20 hivi, ili viungo viangukie nje ya mkunjo, kimoja ndani ya bodi na kimoja ndani ya mlango. Lehemu kila kiungo, kivishe mrija unaonywea kwa joto, na viungo visipangwe mahali pamoja. Fanya nyaya zote hata zile nzima. Nazo zimebakiza siku chache. Ni kazi ya nusu siku na haitarudi.

Vipini vya nje vya milango navyo huvunjika kwenye bawaba. Mlango ukiwa mgumu usiuvute kwa nguvu. Pulizia mafuta kwenye kitasa na rekebisha mlango unakokaza.

Sevisi

Oili ya 1.2 ni 5W-40 ya kiwango cha ACEA C3, takriban lita 2.8 pamoja na filta. TwinAir ni 0W-30 ya ACEA C2, na hapo usibadilishe namba kwa sababu duka halina. Kitabu kinaruhusu masafa marefu, lakini kwa joto na vumbi la hapa badilisha kila kilomita 7,500 au miezi 6. Nati ya kumwagia hufunguliwa kwa alenki ya mm 12. Safisha tundu lake kwanza kwa brashi, maana alenki isiyokaa vizuri kwenye nati yenye kutu huisaga.

Taimingi belti ya 1.2 ibadilishwe kila miaka 5 hata kama kilomita ni chache, pamoja na tenshona na pampu ya maji. Puli ya kamshafti haina ufunguo wa kuishika mahali pake, kwa hivyo fundi lazima awe na vifaa vya kufungia kamshafti na kranki. Anayetaka kuweka alama kwa chokaa, mwambie hapana. Kazi ikiisha, kompyuta inaweza kudai kufundishwa upya. Programu ya MultiEcuScan kwenye laptopu hufanya hivyo, na pia husoma Dualogic. Fundi mwenye programu hiyo ni wa kuhifadhi namba yake.

Betri ni ya kupima mara kwa mara. Injini imezimwa usiku kucha, ionyeshe volti 12.6, injini inawaka, 13.8 mpaka 14.5. Taa ya usukani wa umeme au ya giaboksi ikiwaka ghafla asubuhi, pima betri na usafishe terminali kabla ya kununua chochote. Volti ndogo huifanya kompyuta ilalamikie kila kitu. Gesi ya AC nayo, soma kibandiko chini ya boneti kabla haijajazwa, aina si moja kwa miaka yote.

Spea ziagize kabla hujazihitaji, maana ukisubiri kivunjike gari litakaa juu ya mawe. Weka nyumbani: filta 2 za oili, plagi seti moja, rezista ya feni, stabilaiza linki 2 za mbele, belti seti kamili, kipini kimoja cha mlango. Unapoagiza, tuma namba nzima ya chesesi inayoanza na ZFA312, pamoja na namba ya aina ya injini: 169A4000 ni 1.2, 312A2000 ni TwinAir. Mwaka wa gari pekee hautoshi, kwa sababu breki na sensa hutofautiana ndani ya mwaka mmoja, na spea iliyotoka Dubai au Uingereza huwezi kuirudisha kwa bodaboda.